Ndege Hungojwa, Hawafuatwi



Juma lililopita, wakati kama huu, nilizungumza juu ya kiinua mgongo, na jinsi fedha ile inavyoweza kumponyoka mstaafu kabla hajajua imepita wapi. Barua na simu zilizofuata zilikuwa nyingi, na karibu zote ziliuliza habari za fedha. Moja tu ilikuwa tofauti. Bwana mmoja wa Tabata, ambaye anastaafu mwezi wa 6, aliandika hivi: "Mzee, fedha nimekwisha zipangia. Naomba unieleze, zile saa nitazipeleka wapi?"

Swali hilo limenikaa kichwani siku zote saba. Kwa sheria zetu hapa Tanzania, mtumishi wa umma aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 hana budi kuondoka. Mtu huyu ameamka saa 11 alfajiri kwa miaka 30 na zaidi. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu anaamka saa ile ile, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anaketi barazani. Hapo ndipo anapotambua kwamba hana anakokwenda. Siku ya pili hivyo hivyo. Baada ya miezi michache watu wa nyumbani wamekwisha mpa kazi bila kumuuliza: fundi bomba akija, "Baba yupo", mtoto akirudi mapema kutoka shule, "Babu yupo", geti likigongwa, babu. Sina ugomvi na wanaocheza bao, maana bao ni mchezo wa akili. Lakini nimewaona wenzangu, watu waliokuwa wakisimamia ofisi nzima, wakinyauka barazani ndani ya miaka miwili, na daktari asione ugonjwa.

Mimi nilikuwa karani wa masjala kwa miaka 31. Kazi yangu ilikuwa mafaili: barua imeingia lini, imetoka lini, sasa iko kwa nani. Nilipostaafu nilianza kupiga picha za ndege. Simaanishi kuku wala njiwa wa kufuga. Namaanisha ndege wa porini na wa ufukweni, ambao hakuna anayewalisha wala anayewafungia. Ndiyo shughuli yangu hadi leo, na ndiyo nitakayomweleza bwana wa Tabata.

Najua watakaocheka. Mama watoto alinitazama mwezi mzima bila kusema neno, kisha akauliza kama hao ndege wanalipa. Jirani yangu mmoja huliita jambo hili uzungu. Hapo nampinga moja kwa moja. Uzungu uko wapi? Mvuvi wetu akiona membe wanajitupa baharini mahali pamoja, hugeuza ngalawa yake, kwa kuwa anajua chini yao kuna samaki. Mtoto anayelinda mpunga shambani anawajua kwelea kuliko bwana shamba. Mwaka 1991 wataalamu kutoka Denmark waliokuwa wakifanya utafiti katika milima ya Udzungwa waliona, ndani ya chungu cha mchuzi kambini, miguu ya ndege wasiyemfahamu. Wakauliza, wakatafuta, na mwaka 1994 ulimwengu wa sayansi ukatangaziwa aina mpya ya kwale, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Mpya kwa nani, ndugu zangu? Aliyemtega hakumwona mpya. Nikisema kwa lugha ya masjala, kwale yule alikuwa hana faili, basi.

Na hili la faili ndilo linalonifanya niseme kwamba kazi hii ni ya mstaafu hasa. Kijana ana macho mazuri kuliko sisi, ana magoti, ana masikio ya kusikia mlio mwembamba wa chozi juu ya mti. Sisi tuna vitu viwili ambavyo yeye hana. Tuna muda wa kungoja, na tunakumbuka mahali palivyokuwa. Kijana aliyezaliwa juzi akikuta ufuko hauna ndege, hudhani ndivyo ufuko ulivyo siku zote.

Sasa vyombo. Bwana wa Tabata, tafadhali usiguse kiinua mgongo chako kwa ajili ya kamera. Kamera yenye lenzi ya kufikia ndege ni ghali, na zipo lenzi ambazo bei yake inanunua kiwanja. Anza na darubini ya kawaida na daftari la shule. Kaa hivyo miezi sita. Ukiona bado unaamka kwa hamu, tafuta kamera iliyotumika, ya dijitali, yenye lenzi ya milimita 300 au 400. Simu ya mkononi, hata ikisifiwa namna gani dukani, itakupa nukta nyeusi juu ya maji. Zamani, enzi za filamu, mtu alikuwa na picha 36 tu katika mkanda mmoja, na kila moja ilikuwa na gharama ya kusafisha. Leo waweza kupiga picha 500 asubuhi moja na kufuta 490. Ndege akiwa anaruka, weka kasi ya sehemu moja kwa 1,000 ya sekunde au zaidi, la sivyo mabawa yatakuwa kama moshi. Mengine utajifunza kwa kupiga.

Jambo ambalo duka la kamera halitakuuzia ni kujua bahari. Hapa nataka nikae kidogo.

Sisi wa Dar es Salaam tuna bahati ambayo watu wengi hawaijui. Kuanzia mwezi wa 8 na wa 9 huanza kufika katika fuko zetu ndege wadogo wa rangi ya udongo, ambao wengi wetu huwaita kitwitwi wote kwa pamoja, na wakubwa wao wenye midomo mirefu iliyopinda, ambao ni sululu. Kitwitwi hao ni wa aina nyingi. Yupo mmoja mwenye uzito wa gramu 60 hivi, pungufu ya barua nene, ambaye huzaliana kaskazini kabisa ya Siberia, kule ambako kiangazi ni wiki chache tu. Anakuja hapa kula, anakaa nasi msimu wote wa kaskazi, na kusi linapokaribia kuanza anarudi kwao. Watu huwaona wakitembea tope la Daraja la Selander wakati magari yamesimama kwenye foleni, na hawajui wanatazama msafiri wa namna gani.

Basi mgeni wa kazi hii huwaona mbali topeni, akavua viatu, akawafuata. Nao hurudi nyuma kwa kadiri anavyokwenda mbele. Akiharakisha, wanaruka wote. Atarudi nyumbani na matope mpaka magotini na picha za migongo. Ndege hawafuatwi, hungojwa. Bahari yenyewe ndiyo itakayokuletea.

Fanya hivi. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, bahari ya Dar es Salaam hupwa sana kiasi cha saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa kiasi cha saa 10 au 11 jioni. Asubuhi ndege wametawanyika mbali kabisa, hawana haja na wewe. Nenda saa 8 mchana. Chagua mahali ambapo tope litabaki la mwisho kufunikwa, ukae chini. Nasema ukae, usisimame. Mtu aliyesimama ufukweni ni hatari kwa ndege, na mtu aliyeketi ni kisiki. Maji yataanza kupanda, nalo tope litapungua kidogo kidogo, na ndege wote waliokuwa wametapakaa watasogezwa na bahari kuelekea kwako. Saa 9 na nusu wako mita 40. Saa 10 wako mita 15, wanakimbizana na povu la wimbi mbele ya miguu yako, na hakuna hata mmoja anayekutazama. Na kwa kuwa pwani yetu inatazama mashariki, jua la jioni liko mgongoni mwako na linawaangaza wao uso kwa uso. Sijui mpiga picha wa studio anayepangiwa taa vizuri namna hiyo.

Siku za maji mafu mambo ni kinyume, maji hujaa karibu na saa 4 asubuhi na hayapandi sana, kwa hiyo mimi huzitumia siku hizo kusafisha lenzi na kupanga picha. Wakati mwingine huenda kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi, ambako ndege hupumzika bahari inapowanyima nafasi. Kijana mmoja wa kukwangua chumvi alinikuta nimekaa juu ya tuta bila kujitikisa. Akaja polepole.

"Shikamoo babu. Umepatwa na nini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Sijapatwa. Nangoja yule pale ageuze kichwa."

Akachuchumaa pembeni yangu, tukangoja wawili. Ndege alipogeuza kichwa nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba amefanya kazi pale miaka minne na hakujua kwamba lile jicho ni jekundu.

Miezi ninayoipenda kuliko yote ni wa 3 na wa 4, kabla hawajaondoka. Yule mdogo wa Siberia, ambaye msimu wote amevaa kijivu, hubadilisha manyoya akawa mwekundu wa rangi ya tofali, kifua na tumbo. Ukiwapata kundi zima namna hiyo, jua la saa 11, ni kama mtu amemwaga makaa ya moto ufukweni. Siku tatu baadaye ufuko ni mtupu.

Yupo pia mgeni kutoka upande wa Waarabu, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama koleo la fundi. Chakula chake ni kaa. Hali ya uzazi wake ni ya ajabu: katika fuko za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu huchimba shimo refu mchangani kama kaa mwenyewe anavyochimba, na humo hutaga yai moja tu, jeupe. Msimu ukiisha huja na mtoto wake hadi kwetu, na mara nyingi utamwona mtoto, ambaye kwa umbo amekwisha kuwa sawa na mama, bado anamfuata akilalamika apewe kaa. Mstaafu yeyote mwenye watoto wakubwa nyumbani atamwelewa ndege huyu bila mtaalamu.

Picha inafanya kazi ya pili nyumbani jioni. Macho yetu hayawahi tena kushika alama zote ndege anaporuka, lakini picha haina haraka. Unaikuza, unahesabu vidole, unatazama rangi ya miguu, unafungua kitabu. Ninachotumia mimi ni kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki. Ni cha Kiingereza, na pembeni ya kila ndege ninayempata naandika jina la Kiswahili kwa kalamu, ninapolijua. Keremkerem, mdiria, yangeyange, furukombe, hondohondo, tipitipi. Nisipolijua nauliza wavuvi, na mara nyingine wavuvi wawili wakagombana mbele yangu juu ya jina, jambo ambalo nalo huandikwa. Tuna zaidi ya aina 1,000 za ndege nchini. Majina tuliyo nayo vinywani hayafiki idadi hiyo, na yaliyopo yanaondoka na wazee.

Wenzetu wa Nairobi wametutangulia katika kukutana. Tangu mwaka 1971 wanayo matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Bibi Fleur Ng'weno, ambaye aliyaongoza kwa miaka mingi. Jumatano asubuhi, wasikilizaji! Siku na saa ya mstaafu. Na tangu mwaka 2002 kuna daftari la dunia nzima kwenye intaneti liitwalo eBird, linaloendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambamo mtu yeyote aweza kuweka alichokiona, tarehe, mahali na picha. Mjukuu wangu alinifundisha kulitumia alasiri moja. Kwa karani wa masjala, huko ni kama kurudishwa kazini.

Yapo mambo ambayo nisingependa mtu ayafanye kwa kisingizio cha picha. Usikaribie kiota. Wapo wanaokata majani yaliyokifunika ili picha itoke safi, na huo ni ukatili, maana majani yale ndiyo nyumba. Na hapa kwetu kuna balaa la ziada: kunguru. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu hakuwa wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ale takataka za mji, akavuka bara, na leo yuko pwani nzima akila mayai na makinda ya wengine. Kunguru hutazama watu. Ukisimama dakika kumi ukielekeza kamera kwenye kichaka, amekwisha jua kuna nini, na ukiondoka anaingia. Wapo pia wanaopiga sauti ya ndege kwenye simu ili dume atoke kwa hasira kupigania eneo lake. Nalo silipendi. Mwacheni mwenye nyumba na shughuli zake.

Jambo jingine ni la usalama wako mwenyewe. Mzee mwenye lenzi ndefu kama bomba huulizwa maswali. Usielekeze kamera kwenye kambi, bandari wala daraja, hata kama ndege ametua juu yake. Beba kitambulisho. Jitambulishe ofisi ya serikali ya mtaa kabla hujatambulishwa na wengine.

Bwana wa Tabata, labda unasema haya yote ni mazuri lakini ni ya kujifurahisha. Kujifurahisha si haramu kwa mtu aliyefanya kazi miaka 35. Hata hivyo nitakueleza yaliyotokea katika kijito kimoja cha mikoko, kaskazini mwa jiji, ambacho sikitaji jina kwa kuwa shauri lake bado liko mezani.

Kijito hicho nilikuwa nakwenda kila mwezi, bamvua ya kwanza. Nina tabia moja niliyoitoa masjala: kabla sijapiga ndege yeyote napiga picha ya mahali penyewe, nikiwa nimesimama pale pale, na katikati ya picha daima kuna gogo moja la mkoko uliokufa. Mwaka 2022 malori yakaanza kumwaga kifusi. Mwaka uliofuata ukaitishwa mkutano wa mtaa. Kijana nadhifu aliyekuja kuwasemea wenye malori alieleza, kwa adabu kabisa, kwamba eneo lile ni tupu, ni tope lisilo na matumizi, na kwamba maji hayakuwa yakifika pale tangu zamani.

Nilinyoosha mkono. Nilikuwa na bahasha. Nikatoa picha mbili zilizosafishwa, nikazipitisha kwa watu mstari kwa mstari. Ya kwanza ni ya Oktoba 2018: gogo limo ndani ya maji, na nyuma yake sululu wamesimama bega kwa bega hadi kwenye mikoko. Ya pili ni ya Oktoba 2023: gogo ni lile lile, tawi lake lililovunjika ni lile lile, na nyuma yake kuna matofali yaliyobomolewa na tairi. Tarehe zimeandikwa. Katikati nilikuwa na nyingine 50 na zaidi, mwezi kwa mwezi, kama wangezitaka.

Hakuna aliyezungumza juu ya ndege, na nisingewalaumu. Aliyesimama baada yangu ni mzee mvuvi, mtu wa rika langu. Alinyosha kidole kwenye picha ya kwanza, akasema, "Mzee mwenzangu, hapa waliposimama hawa sululu ndipo kina mama walikuwa wakiokota kome. Na hapa ndipo uduvi unapoingia." Kisha mama mmoja akaiomba ile picha, akaitazama sana, akasema yeye alikuwa akichokoa pweza nje kidogo ya mdomo wa kijito, na kwamba alikuwa ameanza kudhani uzee ndio uliomfanya asipate kitu. Mkutano ule ulikwisha saa 1 usiku.

Upande wa kaskazini wa kijito umekwisha kujazwa, na umejengwa ukuta. Upande wa kusini malori yamesimama mpaka shauri litakapoamuliwa. Nakala za picha zangu zimo katika faili la halmashauri, nami nina namba ya faili hilo. Mwezi uliopita niliwapata sululu kumi na mmoja hapo, upande wa kusini, karibu na gogo.

Bwana wa Tabata, barua yako ina namba ya simu, nitakupigia. Mwezi ukiwa mpevu nitakuwa pale kuanzia saa 8 mchana. Chukua kofia, maji ya kunywa na kitu cha kukalia. Shati jeupe liache nyumbani.